Siku sita na TV ya chogo: Morogoro, Dar es Salaam na Bonde la Msimbazi

Baba aliinunua TV hii Kariakoo mwaka 2003, mtumba, inchi 21, na kwa miaka mingi nusu ya mtaa wetu ilikuja kutazama mpira sebuleni kwetu. Mitambo ya analojia ilipozimwa, kwanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na baadaye kwetu Morogoro, majirani wengi walihamia flat skrini. Baba akanunua king'amuzi, akaendelea na chogo lake mpaka lilipozima. Mwaka jana na yeye akatangulia mbele ya haki.

Tulipokuwa tunasafisha nyumba alipita kijana wa vyuma chakavu. Alitaja 3,000, nikakubali, naye akaiweka TV chini palepale uani na kuinua nyundo. Kisima chetu kiko hatua kama kumi kutoka pale. Nafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne, najua kwamba ndani ya kile kioo mna risasi, ile metali yenye sumu. Nilimshika mkono. Nilimwachia 3,000 zake, nami nikabaki na TV na swali moja: ipelekwe wapi?

Kila niliyemuuliza alijibu Dar. Kwa hiyo likizo fupi ya Aprili nikaibeba. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu.

Siku ya kwanza, Jumanne 8 Aprili: Msamvu hadi Tabata

Nilifika stendi ya Msamvu saa 12 asubuhi. Nauli 10,000, na kwa ajili ya TV konda alidai 7,000, tukaelewana 5,000. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka Gairo alivua koti lake akalitandika kwenye buti ili kioo kilale juu yake. Nilikuwa nimekuja na blanketi, lakini hakutaka koti litolewe. "Ongeza blanketi juu ya koti," alisema, "barabara ina matuta."

Kwa atakayebeba chogo: lilaze kifudifudi, uso wa kioo chini kwenye kitu laini, kwa sababu uzito wote uko mbele. Usiliegemeze upande wa nyuma. Shingo ya ile tyubu, yaani chupa kubwa ya kioo iliyo ndani ya TV, ni nyembamba kuliko unavyodhani, na ndani hamna hewa, hivyo ikivunjika kioo hupasuka kuelekea ndani kwa nguvu na vipande huruka. Waya wa umeme uviringishe uufunge kwa utepe wa gundi. Langu lilikuwa na kilo 21, kwa mzani wa duka la mchele.

Chalinze tulipata mayai na chumvi ya pilipili. Kuanzia Kibaha foleni ya malori ilitushika saa mbili kasoro, hakuna la kuandika. Stendi ya Magufuli pale Mbezi mpagazi alichukua 2,000, na bajaji mpaka Tabata kwa shangazi, baada ya kuombana sana, 12,000.

Shangazi amekaa Tabata tangu enzi za dampo. Usiku tukila ugali na dagaa alinisimulia kwa kirefu. Taka za jiji zima zilikuwa zinamwagwa Tabata na kuchomwa, moshi unaingia mpaka ndani ya chandarua, watoto wanakohoa usiku kucha. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu wakaishtaki Halmashauri ya Jiji, wakashinda. Kesi hiyo wanasheria wanaisoma mpaka leo. Baadaye dampo likapelekwa Vingunguti, kutoka hapo Mtoni, na sasa ni Pugu Kinyamwezi.

"Tulishinda," shangazi alisema huku akikusanya sahani, "ila uchafu haukwenda mbali. Umevuka tu kwenda kwa wengine."

Siku ya pili, Jumatano: Kariakoo na Gerezani

Bajaji kutoka Tabata mpaka Gerezani 8,000. Nilikuwa nimeelekezwa kwa fundi mmoja mzee mwenye kibanda kisichozidi upana wa mlango, redio na TV zimepangwa mpaka darini. Shikamoo, marahaba, mwalimu karibu. Aliifungua TV ya baba kwa dakika tano. Ndani vumbi lilikuwa limeganda kama sufi. Aligusa hapa na pale kwa kipimo chake, akatikisa kichwa.

"Flaibaki imekufa. Spea yake siku hizi naitoa kwenye maiti nyingine, na maiti za aina hii zimekwisha."

Flaibaki ni ile transfoma ya umeme mkubwa wa TV. Nilikaa kwenye kigoda chake karibu saa tatu, na hayo ndiyo masaa niliyojifunza zaidi Dar. Kwenye meza kulikuwa na ule waya laini wa kuunganishia vifaa kwenye bodi. Mafundi wanauita risasi. Nilipomuuliza kama anajua kwa nini, alinitazama kwa mshangao: "Kwa sababu ni risasi, mwalimu." Na ni kweli. Mchanganyiko wa zamani ni bati kama sehemu 60 na risasi kama 40. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye vifaa vingi vipya kuanzia Julai 2006, lakini TV ya rika la baba imejaa nukta zake, mamia kwa mamia, upande wa chini wa kila bodi. Mzee huyu huwa hali kitu kabla ya kunawa kwa sabuni, na wajukuu hawaruhusu kukanyaga kibandani. Hakufundishwa na mtu. Alisema bwana aliyemfundisha kazi alikuwa na mikono inayotetemeka na tumbo lisilokwisha kuuma, naye akaunganisha mwenyewe.

Alinionyesha gunia la bodi chini ya meza. Bodi nzima zina wanunuzi kwa kilo, nao huzikusanya na kuziuza nje ya nchi kwa wenye mitambo ya kutoa dhahabu na shaba. Zilizobaki bila mnunuzi ndizo zinazoishia motoni. Alikumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki. Wiki ile, alisema, watu walizimwaga simu mezani kwake kama mtu anavyomwaga maharage kuyachambua, na hakujua aziweke wapi. Betri zake alizitenga kwenye ndoo ya mchanga, na ndoo hiyo bado anayo.

Hilo la betri lichukue kama lilivyo. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala usiitupe kwenye pipa la takataka pamoja na karatasi. Ncha zake zibandike utepe wa gundi, iweke kwenye mchanga mkavu ndani ya chombo kisicho cha chuma, mbali na jua. Na zile taa ndefu za tyubu nyeupe zifunge kwenye boksi lake zisivunjike, kwa sababu ndani zina zebaki.

Mchana fundi alikataa nisinunue chakula peke yangu, akanipeleka kwa mama lishe wake nyuma ya jengo: wali, samaki wa kukaanga, mchicha wa nazi, 3,500. Mchicha ulikuwa mtamu mno. Nikamuuliza dada aliyekuwa anapakua anautoa wapi.

"Bondeni," alijibu. "Kila asubuhi unakuja mbichi kabisa."

Bonde ni la Msimbazi, mto unaopokea maji machafu ya jiji. Sikumwambia kitu, na sahani nikaimaliza.

TV niliiacha kwa fundi usiku ule. Tulipoagana alinishauri: "Kama unataka kuona inakokwenda usipoitunza, nenda Vingunguti kesho. Ila usiende na kamera shingoni."

Siku ya tatu, Alhamisi: Vingunguti

Daladala 600, kisha bodaboda 1,000. Nilikuwa na mwenyeji, kijana wa guta ambaye fundi alimpigia simu. Bila mwenyeji ningeishia getini, maana mgeni mwenye daftari huonekana mtu wa serikali aliyekuja kufunga. Kwa wanaotaka kwenda: vaa viatu vilivyofunika mguu wote, hata kama ni joto. Omba kabla ya kupiga picha, na picha yenye sura ya mtu usiipige hata ukiruhusiwa. Nenda na noti ndogondogo, nunua maji ya wote.

Uwanja wenyewe wa vyuma chakavu ni kama nusu ya kiwanja cha mpira, umeteremka kuelekea mfereji. Mzani unaning'inia kwenye mti wa mwarobaini. Bei za siku hiyo nilizinakili: chuma 700 kwa kilo, shaba safi 17,000. Bei hizo mbili zinaeleza kila kitu kinachofanyika pale. Niliona machogo matatu yakifanyiwa kazi. Nyundo moja nyuma, shingo inakatika, sauti kama mpira wa baiskeli uliopasuka. Koili ya shaba inavutwa kutoka shingoni. Ngao ya chuma inabanduliwa. Kioo kinasukumwa kwa mguu kuelekea ukingo wa mfereji, kuungana na vilivyotangulia. Dakika nne, pengine tano. Shaba ya TV moja haifiki nusu kilo, kwa hiyo yote haya ni kwa ajili ya shilingi elfu sita au saba.

Na sasa niseme kama mwalimu. Kile kioo cha nyuma chenye umbo la faneli kimechanganywa na risasi makusudi, ili mionzi isimfikie mtazamaji. Sehemu kama moja ya tano ya uzito wa kioo hicho ni oksidi ya risasi. TV ya ukubwa wa ile ya baba ina risasi inayokaribia kilo moja au kuzidi. Kikiwa kizima, kioo kinaishikilia vizuri, na baba alikaa mbele yake miaka yote hiyo bila kudhurika. Kikipondwapondwa, kikakanyagwa na magurudumu ya guta kikawa unga, risasi inapata njia. Haiozi. Haipungui kwa jua. Inajishika kwenye chembe za udongo wa juu kabisa, ule ule unaobaki kwenye nyayo na kucha za mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Ule ungaunga mweupe ndani ya uso wa kioo nao, kwenye TV za zamani, unaweza kuwa na kadimi, metali nyingine yenye sumu.

Karibu na machogo kulikuwa na sehemu ya betri za magari, slabu ya saruji iliyoliwa na tindikali mpaka kokoto zinaonekana. Tindikali hiyo ikikutana na udongo wenye risasi huilegeza, na maji huibeba kwa urahisi zaidi.

Moto ulikuwa nyuma ya ukuta. Kijana wa miaka kama 15 alikuwa anageuza nyaya kwa chuma, shati limefungwa puani. Plastiki ya nyaya ikiungua pamoja na shaba hutoa dioksini, sumu inayotua na majivu kwenye udongo, kwenye majani, kwenye bata waliokuwa wanachokora pale pembeni, na kutoka hapo kwenye mafuta ya mnyama na ya atakayemla. Aliniamkia, "Shikamoo ticha," kabla sijasema mimi ni nani. Labda nilivyomtazama. Nilimuuliza kwa nini asimenye kwa kisu.

"Kwa kisu kilo moja ni asubuhi nzima. Kwa moto ni dakika kumi."

Nikamuuliza mwenye uwanja kama shaba ya moto na ya kisu bei ni moja. Si moja. Iliyoungua imekuwa nyeusi, anaikata 2,000 kwa kila kilo. Kijana alikuwa hajui. Yeye huuza kwa mtu wa kati, ambaye humlipa bei moja tu. Tulikaa watatu tukapiga hesabu kwenye daftari langu: nyaya nene kisu kinalipa, nyembamba hakilipi. Mwenye uwanja akasema ataanza kumpimia mwenyewe nyaya nene. Nimeandika namba yake, nitampigia Juni niulize.

Saa nane mvua ikashuka. Ilikuwa ya masika, ile isiyotoa onyo. Tulikimbilia chini ya mabati na kutoka pale nikaona jambo ambalo nimelifundisha darasani kwa michoro miaka 11 bila kulishuhudia. Maji yalianzia juu ya uwanja yakiwa na rangi ya kawaida ya udongo. Yakapita kwenye majivu yakawa meusi. Yakapita kwenye slabu ya betri. Yakapita kwenye vioo, yakabeba vumbi lake linalometameta, na yote yakaingia kwenye mfereji, na mfereji ukaingia bondeni. Hakuna aliyeyatazama ila mimi. Kwao ilikuwa mvua tu.

Mwanamke mmoja alikuwa amejibanza nasi na ndoo yake ya kumwagilia. Aliniona natetemeka akanifunika kwa upande wa khanga yake, na mvua ilipopungua akanichukua mpaka kibandani kwake, mita chache chini ya uwanja, akanipa chai ya tangawizi na kiazi. Hakutaka hela. Matuta yake ya mchicha na matembele yalikuwa pale chini, mfereji ukiyapitia ubavuni. Amelima hapo miaka 14 na kusomesha watoto watatu.

Alijua nilichokuja kutazama, watu wa guta walishamwambia. Akauliza moja kwa moja: "Mwalimu, nikiosha vizuri si inatoka?"

Nilimjibu ukweli. Vumbi la juu ya jani linatoka kwa kuosha, na ni muhimu kuosha. Kilichonywewa na mzizi hakitoki. Kadimi hasa hupanda kwenye mboga za majani kwa wepesi, na ikiingia mwilini hukaa kwenye figo miaka na miaka. Nilimwambia pia kwamba si makosa ya uwanja ule peke yake, maana Msimbazi unapokea maji ya viwanda, ya gereji, ya vyoo. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga za kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, na risasi na kadimi zilikuwa ndani yake tangu wakati huo.

Alinyamaza kidogo. "Sasa nisilime? Watoto nitawasomesha kwa nini?"

Sikuwa na jibu la swali hilo. Nilikuwa na majibu madogo tu, nikampa. Matuta ya karibu na mfereji ayaache au apande maua. Kwenye yale ya mbali alete udongo mwingine juu, na mboji kwa wingi, na chokaa kidogo, kwa sababu udongo usio na uchachu huishika risasi na kadimi isipande. Badala ya majani apande bamia, bilinganya au nyanya pale inapowezekana, kwani tunda huvuta kidogo kuliko jani. Maji ya kumwagilia yasitoke mferejini. Alisikiliza yote, akauliza chokaa ni shilingi ngapi, akauliza bamia zinachukua siku ngapi. Nilinunua bamia za jirani yake za 2,000 tukazipika kwa shangazi.

Siku ya nne, Ijumaa: mvua

Mvua usiku kucha. Asubuhi barabara ya Morogoro pale Jangwani ilikuwa imefungwa kwa maji, mabasi ya mwendokasi hayapiti, na mjini hakukufikika mpaka saa tisa. Desemba 2011 mafuriko ya bonde hili yaliua watu zaidi ya 40, na wengi wa waliookolewa walihamishiwa Mabwepande. Ukiwa na safari ya Dar mwezi Aprili, weka siku moja ya ziada.

Jioni nilikwenda kusimama Daraja la Salenda, mto unapoingia baharini. Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na kukata jiji kwa kilomita kama 35, kwa hiyo maji niliyoyaona Vingunguti lazima yapite pale. Bahari ilikuwa imekupwa. Kwenye mizizi ya mikoko palikuwa na rimoti, kibodi ya kompyuta, gamba la pasi, vitu vyepesi vinavyoelea. Vizito vinazama topeni. Tope hilo halina hewa, na humo vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina inayoingia kwenye samaki na kuongezeka kila samaki mkubwa anapomla mdogo. Vijana wawili walikuwa wanatoka na ndoo ya kaa. Waliniuzia maji ya kunywa kwa 600 na kunionyesha njia ya mkato ya kurudi kituoni.

Siku ya tano, Jumamosi: barabara ya Nyerere

Fundi alikuwa amenitafutia ghala la watu wanaovunja vifaa kwa utaratibu, upande wa viwanda, barabara ya Nyerere. Guta kutoka Gerezani 6,000. Ukitafuta sehemu ya namna hii, omba kuona kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla hujakabidhi kitu. Tangu mwaka 2021 tuna kanuni maalumu za takataka za kielektroniki chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na aliye halali hakasiriki ukimuuliza. Hapa kilikuwa ukutani, karibu na saa.

Msimamizi alikuwa binti mdogo kuliko wanafunzi wangu wa zamani. Sakafu saruji iliyopigwa rangi, mfereji wake hautoki nje. Vijana wanne wamevaa glavu na barakoa za kweli. Aliniruhusu nibaki nitazame, akasema wateja wengi hutupa mzigo mlangoni na kuondoka.

Waliifungua TV ya baba kwa bisibisi. Gamba la nyuma pembeni, kwa sababu plastiki yake ina dawa za kuzuia moto zenye bromini na haifai kuyeyushwa kuwa sahani au ndoo. Spika kwenye chuma. Bodi kwenye boksi la bodi. Koili ilitolewa shingoni kwa kulegeza kibano, bila kuvunja kitu, na kumbe shaba hiyo hiyo inayogombaniwa Vingunguti inaweza kutoka nzima, tyubu ikabaki nzima. Dakika 20 badala ya tano. Kisha kijana mmoja akatoboa kitufe kidogo ubavuni mwa tyubu, na hewa ikaanza kuingia. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama. Sote tulinyamaza mpaka ikaisha. Nikamkumbuka baba sana.

Nilidhani safari imeisha. Msimamizi akanikalisha. "Mwalimu, bodi, koili na chuma tunachukua, na tutakulipa 6,500. Tyubu hatuwezi."

Alinipeleka nyuma. Tyubu zilikuwa zimepangwa mpaka dirishani, mamia. Zamani kioo kama hiki kilirudi kiwandani kutengenezea tyubu nyingine. Sasa hakuna anayetengeneza TV za chogo, kwa hiyo hakuna anayekitaka. Kuisafirisha nje ni gharama, na inahitaji idhini ya nchi inayopokea: Mkataba wa Basel, ambao tangu 1 Januari 2025 unagusa takataka zote za kielektroniki zinazovuka mipaka, ziwe hatari au la. Kwa hiyo wanasubiri kujaza kontena na kupata fedha za kulisafirisha. Ghala limejaa. Duniani, mwaka 2022 zilizalishwa tani milioni 62 za takataka hizi, na chini ya robo tu ndizo zilizokusanywa na kushughulikiwa kwa njia inayojulikana. Namba hiyo nilikuwa nayo daftarini tangu nyumbani. Pale mbele ya zile tyubu ndipo nilipoielewa.

Nilimwambia nitalipia. Akasema shida si hela yangu, shida ni nafasi. Angeweza kuipokea na kuiweka nje kwenye mvua, lakini hataki.

Na hilo nalileta mezani kwa wote wenye sauti kuliko mimi. Mwenye nyundo analipwa siku hiyo hiyo kwa kuvunja. Anayekihifadhi kioo kizima halipwi na mtu. Muuzaji wa TV mpya angetoa hata shilingi chache kwa kila moja anayouza, zikalipia ile tyubu ya zamani inayotoka nyumba ile ile, ghala lile lisingejaa, na yule mama wa matuta angelima. Nimelifikiria njia nzima na sioni mahali pengine pa kuanzia.

Msimamizi alinipa boksi gumu na magazeti, akaifunga tyubu mwenyewe, shingo ikielekea juu. Kilo 13.

Siku ya sita, Jumapili: kurudi

Shangazi alinifungia maandazi. Nauli 10,000, boksi 3,000. Konda aliuliza kuna nini ndani, nikamweleza yote kuanzia risasi mpaka kisima, abiria wa viti vya mbele wakisikiliza. Dada mmoja akasema kwao Mikese kuna mbili, mume wake alikuwa anapanga kuzivunja wiki ijayo auze shaba. Alichukua namba yangu kabla hajashuka.

Jumla ya safari nzima, nauli na mizigo na chakula, 118,400. Nilichopata, 6,500.

Boksi liko stoo ya baba, juu ya mbao ili lisikae kwenye unyevu, nimeandika kwa maka pen: KIOO CHA TV, KINA RISASI, KISIVUNJWE. Msimamizi ameahidi kunipigia simu kontena likiondoka. Juzi jioni jirani alipiga hodi na chogo la inchi 14 kichwani. Jana mume wa yule dada wa Mikese alinitumia ujumbe akiuliza kama ninapokea. Stoo ina nafasi ya kumi hivi, nikiuondoa ule mlango wa zamani.